Namba Iliyokutwa: Swichi za Joto na Usalama wa Vinu vya Nyuklia

Katika kinu cha nyuklia cha aina ya maji yanayochemka, mvuke hutoka ukiwa na joto la nyuzi 285 hivi za Selsiasi na presha inayokaribia mara 70 ya ile ya hewa tunayovuta. Hupita katika mabomba manene, huvuka ukuta wa zege na kuingia kwenye handaki fupi ambalo halikaliwi na mtu wakati mtambo unafanya kazi, kisha huenda kuzungusha mashine za kufua umeme. Ndani ya handaki hilo zimefungwa swichi ndogo za joto. Bomba likianza kuvuja, hewa ya handakini hupanda joto, na ikifika kiwango kilichowekwa, ambacho katika mitambo kadhaa ya Marekani ni nyuzi 90 na kitu, swichi hufyatuka. Vali kubwa za mvuke hujifunga zenyewe ndani ya sekunde tatu hadi tano, na kinu huzimika.

Vali zinasifiwa, swichi hazikumbukwi na mtu. Swichi moja inaweza kukaa pale miaka 20 bila kufyatuka hata mara moja kwa sababu ya kweli. Tatizo linaanzia hapo: utajuaje kwamba chombo ambacho hakijawahi kuitwa kazini bado kinasema kweli?

Mizani ya muuza nyama ikianza kudanganya, haipiti wiki kabla mteja hajalalamika, hata kama ofisa wa Wakala wa Vipimo hajafika na mawe yake. Swichi ya usalama haina wateja. Ukweli wake hujulikana siku inapofanyiwa ugezi, yaani inapolinganishwa na kipimo cha rejea ambacho usahihi wake umethibitishwa, na kwa vyombo vingi vya namna hii siku hiyo huja mara moja katika miezi 18 au 24, kinu kinapozimwa kubadilishiwa fueli. Kati ya siku hizo mbili, chumba cha udhibiti kinaishi kwa imani.

Swichi zenyewe si kitu cha ajabu. Ya zamani ni gamba la chuma lenye urefu wa sentimita chache, na ndani yake kuna vijiti viwili vya chuma kingine kisichotanuka sana. Joto likipanda, gamba hurefuka kuliko vijiti, na tofauti hiyo ndogo hugusanisha au huachanisha ncha mbili za umeme. Kuna skrubu moja ya kurekebishia. Ya pili ina kitumba chenye kimiminika, mrija mwembamba, na mvukuto unaosukuma swichi kimiminika kinapotanuka. Katika aina ya tatu, mahali penye joto pana kihisi tu, themokapo au waya wa platini, na anayeamua ni kadi ya kielektroniki iliyo mbali, ndani ya kabati.

Kila moja hupotoka kwa njia yake. Vijiti hulegea kwa miaka ya joto na mtetemo, ncha za umeme hushika kutu. Kitumba kikivujisha kimiminika kidogo tu, swichi huchelewa. Themokapo ya aina K hutoa umeme mdogo mno, kama sehemu 40 za milioni za volti moja kwa kila nyuzi ya joto, hivyo kiungio kilichochakaa au kadi iliyozeeka inatosha kupoteza nyuzi kadhaa. Waya wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri hufika omu 138.5 kwenye nyuzi 100; ukiunganishwa kwa nyaya mbili tu, kutu ya omu moja kwenye kiungio ni kosa la zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Ndiyo maana vihisi vya maana hufungwa kwa nyaya tatu au nne, ili ukinzani wa nyaya ujulikane na kuondolewa kwenye hesabu.

Mabadiliko haya ya polepole huitwa kuhama kwa kiwango. Hakuna kengele inayolia wala taa inayowaka. Swichi iliyowekwa ifyatuke kwenye 93 inakuwa ya 94, halafu ya 96, na kwa nje ni ileile.

Twende kwenye meza ya fundi, maana mengi huamuliwa hapo. Swichi imefunguliwa handakini na kuletwa karakana. Mbele yake kuna bafu la mafuta linalokorogwa, au bloku ya chuma yenye matundu inayopashwa kwa umeme. Katika tundu moja anaingiza swichi, katika jingine kipimo cha rejea chenye hati yake. Mita ya omu imeshikiziwa kwenye nyaya za swichi. Anapandisha joto haraka hadi 80, kisha anapunguza mwendo, sehemu ndogo ya nyuzi kwa wakati, macho yakiwa kwenye namba mbili. Tuseme mita inaruka kipimo cha rejea kikisoma 96.4. Hiyo ndiyo namba iliyokutwa. Akishaiandika, na si kabla, ndipo anapogusa skrubu. Anarudia mpaka inafyatuka kwenye 93.1, anaandika namba iliyoachwa, anafunga.

Ufyatukaji wa kwanza una thamani kuliko yote inayofuata. Ncha zilizoganda hunasuka zikishasogezwa mara moja. Fundi anayeijaribu swichi kidogo kwa mkono au kwa joto kabla ya kuandika amefuta ushahidi wa namna ingetenda siku ya ajali. Wakaguzi wa Marekani wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, kwa vali, pampu na vyombo vya kupimia vilevile.

Kuna mtego mwingine, na huu humnasa fundi mwaminifu. Katika swichi ya gamba na vijiti, gamba ndilo linalopata joto kwanza. Ukipandisha bafu haraka, gamba linarefuka wakati vijiti bado vimepoa, na swichi inafyatuka mapema: kipimo cha rejea kinasoma 89 ilhali kwa joto la polepole ingefyatuka kwenye 93 barabara. Fundi anaona iko chini, anakaza skrubu, anaipandisha. Hapo ameichelewesha swichi iliyokuwa sahihi, na kwenye fomu kila kitu kinaonekana safi. Uvujaji mdogo wa mvuke, ule hasa ambao swichi imewekwa kuuwahi, hupasha handaki taratibu. Utaratibu wa kazi usioandika mwendo wa kupandisha joto haujakamilika, hata uwe na kurasa 40 na sahihi tatu.

Sasa tuulize, kosa la nyuzi tatu lina uzito gani? Inategemea nafasi iliyoachwa. Wahandisi huanza na kikomo ambacho hesabu za ajali zinasema kisivukwe, wanashuka kutoka hapo kwa kiasi cha makosa yote yanayotarajiwa, kisha wanaweka kiwango cha kufyatukia. Mwanzoni jambo hili lilifanywa kwa mazoea. Miaka ya 1970 ripoti za viwango vilivyohama zilikuwa zikimiminika kwa wadhibiti wa Marekani, na mwongozo wao namba 1.105, uliotolewa kwanza mwaka 1975 na kurekebishwa 1976, ulitaja chanzo bila kuzunguka: mara nyingi kiwango kilikuwa kimewekwa karibu mno na kikomo cha leseni. Chombo kilifanya kile ambacho chombo cha aina yake hufanya, ila mwenye kalamu hakukiachia nafasi.

Dawa ilikuwa hesabu. Chukua mfano: kikomo ni nyuzi 100, usahihi wa swichi ni nyuzi 2 juu au chini, kuhama kwake hadi ugezi ujao ni 3, kosa la kipimo cha rejea ni 1. Ukijumlisha kijinga unapata 6, na kiwango kinakuwa 94. Lakini si rahisi makosa yote matatu yakaelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, majibu yakajumlishwa, na jumla ikatafutiwa kipeuo cha pili. Inatoka 3.7 hivi, na kiwango kinaweza kupanda hadi 96. Nyuzi mbili zimepatikana kwa kalamu.

Mwenye mtambo anazipenda sana nyuzi hizo. Handaki la mvuke lina joto hata siku njema. Feni ya kupozea ikiharibika mchana wa kiangazi, hewa yake inaweza kupanda na kukaribia kiwango bila tone la mvuke kuvuja. Swichi ikifyatuka kwa uongo, kinu kinazimika, umeme unakosekana, na mtambo mzima unapata mshtuko ambao si mzuri kwa mabomba wala kwa watu. Zipo swichi za kielektroniki ambazo zilifyatuka kwa sababu tu fundi alizungusha kitufe cha kusomea kiwango, mfumo wa kusafisha maji ya kinu ukajifunga. Kwa hiyo swichi inayowahi mno nayo ni hatari ya aina yake, kwani inawazoesha watu kutoiamini. Ila makosa haya mawili hayatendewi sawa. Linalofyatua mapema linajitangaza lenyewe na linarekebishwa wiki hiyohiyo, na linalochelewesha linangoja ugezi. Mtambo unaosikiliza malalamiko peke yake utajikuta, mwaka baada ya mwaka, umesukuma swichi zake upande wa kuchelewa.

Tazama tena hesabu ile ya kipeuo. Imesimama juu ya sharti moja: makosa yasiwe na uhusiano. Kosa la swichi lisijue kosa la kipimo cha rejea, na swichi ya kwanza isijue ya pili. Sharti hilo ni rahisi kwenye karatasi na gumu karakanani, na kwa maoni yangu suala zima la ugezi wa usalama limelala hapo. Swichi moja iliyohama haimtishi mtu, maana mifumo hii hujengwa kwa wingi. Handaki lina makundi kadhaa ya swichi, na kinu hakizimwi wala kuachwa kwa neno la swichi moja. Hutakiwa mbili au zaidi, kutoka njia tofauti, zikubaliane. Njia nne zinalinda kwa sababu ni nne. Zikifanywa na kiwanda kimoja, zikafanyiwa ugezi wiki moja na fundi mmoja kwa kipimo kimoja cha rejea na utaratibu mmoja, huenda ni moja iliyoandikwa mara nne.

Tarehe 1 Juni 1986 jambo hili lilionekana waziwazi katika kinu cha pili cha LaSalle, jimbo la Illinois. Mfumo wa kuingiza maji uliyumba, na kina cha maji ndani ya kinu kikashuka chini ya alama ya inchi 12.5, ambapo kinu kinatakiwa kujizima chenyewe. Alama hiyo ililindwa na njia nne. Ilifyatuka moja. Kwa kuwa moja haitoshi, kinu hakikujizima. Maji yalipanda tena na hakuna aliyedhurika, lakini kumbukumbu zilipopitiwa ikaeleweka kwamba ulinzi wa msingi kabisa wa kinu ulikuwa umeitwa na haukuitika.

Swichi zile zilikuwa za tofauti ya presha, si za joto, lakini somo ni lilelile. Mezani zilikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba zilikuwa zikifanyiwa ugezi bila presha ya kazi juu yake, na zikirudishwa kwenye mfumo wenye presha ya mara 70 ya hewa, kiwango chake kilihama. Zote zilihama kwa sababu ileile. Kuongeza swichi ya tano na ya sita ya aina hiyo kusingesaidia kitu, wala kuongeza idadi ya ugezi, kwa kuwa kila ugezi ungethibitisha tena kwamba mezani kila kitu ni sawa. Julai mwaka huohuo Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani (NRC) ilitoa waraka wa kuitaka mitambo itafute swichi za aina hiyo na kueleza inazifanyia nini.

Upande wa mikono ya binadamu ulichambuliwa mapema na Alan Swain, mtaalamu wa makosa ya kazini wa maabara ya Sandia, Marekani. Katika kitabu cha mwongozo alichoandika na mwenzake Guttmann, kilichotolewa na NRC mwaka 1983, kuna mfano wa fundi aliyetega kipimo chake cha rejea vibaya kabla ya kuanza. Swichi ya kwanza anaikuta imepotoka, anairekebisha. Ya pili nayo imepotoka. Sasa afanye nini? Swain alitofautisha kosa kubwa na dogo. Kosa likiwa kubwa, fundi atashtuka kwenye ya pili au ya tatu na kujiuliza kama tatizo liko kwenye kipimo chake mwenyewe. Kosa likiwa dogo hashtuki: vyombo huhama, kurekebisha ndiyo kazi aliyotumwa, na ataziharibu zote kwa bidii na uaminifu. Hatari iko katika kosa dogo, lile linaloonekana la kawaida.

Ndiyo sababu mitambo yenye busara hupanga ugezi kwa zamu, njia moja wiki hii, nyingine baada ya muda, kwa fundi mwingine na kipimo kingine, na huhakiki kipimo cha rejea kabla ya kazi na baada ya kazi. Kikikutwa kimeharibika baada ya kazi, swichi zote zilizopita mikononi mwake hutafutwa upya. Utaratibu huu unagharimu muda, na muda wa kubadilisha fueli huhesabiwa kwa saa. Meneja anayetaka ugezi wote uishe Jumanne si mtu mbaya, ila anaomba jambo ambalo hesabu za usalama hazikulihesabu.

Turudi kwenye namba iliyokutwa, ile 96.4 ya mfano wetu. Kwa miaka mingi, mradi namba hiyo ilikuwa chini ya kikomo cha leseni, fundi alirekebisha, akaandika iliyoachwa, fomu ikaenda kabatini. Mwaka 2006 NRC ilitoa maelezo, namba 2006-17, yaliyosema kwamba haitoshi. Chombo kikikutwa nje ya eneo kilichotarajiwa kuwemo, hata kama hakijavuka kikomo, lazima mtu aulize kama bado kinafanya kazi inavyopaswa. Kukirudisha mahali pake si jibu, kwani kilichokuwa mahali pake mara ya mwisho ndicho hichohicho kilichoondoka.

Kuna kanuni nyingine ya Marekani ninayoiona ya hekima kuliko nyingi. Chombo kimoja kikikutwa kimeharibika wakati wa kupimwa, huhesabiwa kwamba kimeharibika siku hiyo, isipokuwa kuna ushahidi mwingine. Vikikutwa viwili au zaidi vya namna moja vimepotoka kwa pamoja, mwongozo wa kuripoti unasema hiyo yenyewe ni dalili kwamba tatizo lilikuwepo kwa muda, na mtambo unaweza kulazimika kuripoti kwamba umefanya kazi nje ya leseni. Mantiki yake ni nzuri: bahati mbaya moja ni bahati mbaya, lakini mbili zinazofanana zina mzazi.

Namba hizi zikitunzwa zinafanya kazi kubwa kuliko kulinda swichi moja. Mwaka 1991 mitambo ya Marekani ilipotaka kurefusha muda wa fueli hadi miezi 24, NRC iliiruhusu kurefusha na muda wa ugezi, kwa sharti ionyeshe kutoka kumbukumbu zake kwamba kuhama kwa vyombo kwa muda huo mrefu kunajulikana na kumeingizwa katika hesabu. Ulichohitaji ni namba iliyoachwa ya mara iliyopita na namba iliyokutwa ya safari hii, chombo kwa chombo, mwaka kwa mwaka. Mtambo uliokuwa ukiandika “sawa” badala ya namba haukuwa na cha kuonyesha.

Kwa vihisi vya platini vinavyopima maji ya kinu chenyewe, pamebuniwa njia ya kuepuka kuvifungua. Kinu kinapopashwa joto kuelekea kuwashwa, husimamishwa kwenye ngazi fulani za joto ambapo maji yote yana joto moja, kisha vihisi vyote husomwa na kulinganishwa na wastani wao. Aliyejitenga anaonekana mara moja. Njia hii inaokoa kazi na inawapunguzia mafundi mionzi, lakini ina kasoro ambayo msomaji ameshaiona: wakihama wote upande mmoja, wastani unahama nao, na kila mmoja anaonekana mwema. Wataalamu hulijua hilo, hivyo inapobidi hufungwa kihisi kipya kilichotoka maabara ili kiwe shahidi wa nje.

Usahihi peke yake hautoshi. Kasi nayo ni sehemu ya ukweli. Kihisi cha platini hukaa ndani ya ala ya chuma iliyozama kwenye maji. Kisiposukumwa hadi mwisho, ikabaki hewa kidogo au uchafu kati yake na ala, kitasoma joto sahihi kabisa maji yakitulia, lakini joto likibadilika ghafla kitachelewa kwa sekunde kadhaa ambazo hesabu za ajali hazikuzitoa. Bafu la karakanani haliwezi kuonyesha hilo, maana kasoro iko kwenye ala na kihisi kimetolewa humo. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kumetumika kipimo cha kupitisha umeme kidogo kwenye kihisi kikiwa mahali pake, kisha ikatazamwa kasi ya joto lake kupanda. Vihisi vya presha vilipata msiba unaofanana: mafuta ya ndani yalikuwa yakivuja taratibu, vikasoma vizuri wakati wa utulivu huku vikizidi kuwa vizito, hadi waraka wa NRC wa Machi 1990 ulipolishika suala hilo kwa mitambo yote.

Tukifika hapa mtu anaweza kudhani kwamba joto likipimwa sawasawa mambo yamekwisha. Kisa cha kinu cha Three Mile Island, Marekani, cha Machi 28, 1979 kinakataa. Vali ya kupunguzia presha ya mfumo wa kinu ilifunguka na haikujifunga, maji yakawa yanatoroka. Kwenye bomba la kutokea kulikuwa na kihisi joto, nacho kilisoma karibu nyuzi 140, wakati taratibu zilisema zaidi ya nyuzi 93 ni dalili ya vali iliyo wazi. Waendeshaji waliiona namba hiyo. Lakini vali ilikuwa ikivuja kidogo kidogo tangu wiki za nyuma na bomba lilikuwa la moto siku zote. Walikwisha kuzoea namba kubwa, wakaihesabu kuwa ya kawaida. Zaidi ya saa mbili zilipita kabla bomba halijafungwa kwa vali nyingine. Vihisi 52 vya juu ya kiini navyo vilikuwepo, ila kompyuta ilipangiwa isome hadi nyuzi 371 tu, na zaidi ya hapo ikachapa alama za kuuliza. Mafundi waliposhika nyaya zenyewe na mita wakapata baadhi ya namba zinazozidi nyuzi 1,300. Wakuu wakaona haziaminiki. Takriban nusu ya kiini ilikuwa inayeyuka. Baadaye Marekani ilitaka vihisi hivyo viweze kuonyesha hadi nyuzi 1,260.

Kinyume chake kilitokea Fukushima, Japani, Februari 2012, karibu mwaka mmoja baada ya ajali. Kipimo kimoja chini ya chombo cha kinu namba 2 kilianza kupanda, kikavuka nyuzi 80 zilizokuwa kikomo cha kuendelea kuhesabu kwamba kinu kimepoa. Vipimo vingine vya jirani vilikuwa chini sana. TEPCO, kampuni yenye kituo hicho, waliongeza maji kwanza, kisha wakakagua, na wakahitimisha kwamba waya wa kihisi ulikuwa umekatika. Walianza na tahadhari kabla ya kukishuku chombo, na mpangilio huo wa hatua ndio sahihi, hata kama chombo kilikuwa kibovu kweli.

Ajali ya kinu cha Windscale, Uingereza, Oktoba 1957, ilihusu mahali vihisi vilipowekwa. Vihisi vilifungwa penye joto kubwa wakati wa kazi ya kawaida. Siku ya kuondoa nishati iliyojikusanya kwenye grafiti, joto kubwa lilikuwa kwingine. Waendeshaji walidhani kinu kinapoa, wakakipasha tena, na kikashika moto.

Haya yanatuhusuje? Kibiashara, umeme wa nyuklia barani Afrika bado unatoka kituo kimoja, Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza mwaka 1984, na Misri inajenga vinu vinne El Dabaa. Kenya imekuwa ikipanga chake kupitia wakala wake wa nishati ya nyuklia, NuPEA, kwa lengo lililotangazwa la mwaka 2034. Mahali palipotajwa kwanza ni Uyombo, Kilifi, ambako wakazi walipinga. Baadaye mazungumzo yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mamlaka ya kudhibiti, KNRA, ipo kwa sheria ya mwaka 2019.

Mjadala wetu umekuwa wa mambo makubwa: ardhi, uvuvi, taka, mkopo. Ni haki kuyajadili. Lakini mtambo ukishajengwa, usalama wake wa kila siku utakuwa mikononi mwa mafundi wa vipimo na maabara za rejea, na hapa tuna pa kuanzia. Mashirika ya viwango ya Kenya (KEBS) na Tanzania (TBS) yana maabara za ugezi wa joto zinazohudumia viwanda na hospitali. Hali ya hewa yetu nayo haitapunguza kazi. Chumba ambacho nchi za baridi kinatulia kwenye nyuzi 35, Pwani kinaweza kutulia juu zaidi, na nafasi kati ya joto la kawaida na kiwango cha kufyatukia inapungua. Hewa ya chumvi inakula viungio. Viwango vilivyokokotolewa kwa ajili ya Illinois au Ufaransa havitahamishwa kama vilivyo bila mtu kukaa chini na kalamu.

Namba zilizokutwa ni za nani? Kwa sheria ya Marekani, mtambo ukigundua swichi zake za usalama zimevuka masharti ya leseni, una siku 60 kuandika ripoti inayosema nini kilikutwa, kwa nini, na nini kimefanywa, na ripoti hiyo huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Mengi ya tunayoyajua kuhusu swichi hizi yametoka humo. Nawaomba wabunge na watunga kanuni wa Kenya, na wa jirani watakaofuata, waandike kifungu cha namna hiyo waziwazi: namba iliyokutwa iripotiwe na ichapishwe. Na watu wa Kilifi na Siaya wadai kukiona kifungu hicho kabla zege la kwanza halijamwagwa.